Je, Fizikia Imemfungia Mungu Nje?

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Siku mbili baadaye, wakati kazi iliyobaki ilikuwa ya kuopoa maiti tu, waokoaji wakamkuta fundi mmoja wa mitambo yu hai ndani ya kivuko kilichogeuka kichwa chini. Alikuwa amejibanza mahali palipobaki na hewa kidogo.

Watu wakasema: muujiza! Na kwa kuwa sisi hatukosi mabishano, hakosekani mjuaji kijiweni wa kujibu: muujiza wapi, bwana? Hiyo ni hewa imenaswa kwenye bati, basi. Mambo ya fizikia hayo, Mungu anaingiaje?

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Swali la mjuaji ni zito kuliko mwenyewe anavyodhani, na wengi wetu tunalikimbia. Wanaosali wanamwita kafiri, mazungumzo yanaishia hapo. Wasiosali wanamwona kashinda, nao wanaishia hapo hapo. Mimi naona wote wawili wameondoka mapema.

Hebu kwanza tumpe mjuaji haki yake. Hoja yake ina mifupa. Hewa ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo chombo kikipinduka, hewa iliyomo hukimbilia juu. Ikikuta bati lisilo na tundu, inabanwa hapo, na maji hayawezi kuijaza nafasi ile. Huamini? Chukua kikombe kitupu, kigeuze mdomo chini, ukidumbukize wima kwenye ndoo ya maji. Ndani yake patabaki pakavu. Mtu aliyepata bahati ya kuwa mahali kama hapo atapumua mpaka hewa safi imwishie. Katika maelezo yote hayo hakuna hatua hata moja inayohitaji malaika.

Kisha mjuaji anapanda ngazi nyingine. Kila aliyepita sekondari alikariri kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika umbo tu. Ukisukuma mkokoteni, nguvu hiyo imetoka kwenye ugali uliokula asubuhi. Ugali umetoka kwenye mahindi, mahindi yamekula jua. Kila senti ina risiti. Sasa Mungu akinyoosha mkono akaisogeza hata chembe moja ya vumbi, nishati itakuwa imeingia kutoka nje ya ulimwengu, na hesabu zitazidi. Wanafizikia wamepiga hesabu hizo miaka nenda rudi, hazijazidi. Kwa hiyo, anasema mjuaji, ulimwengu ni nyumba iliyofungwa. Kila kinachotokea humo kimesababishwa na kilichomo humo. Mungu kama yupo, yuko nje, na mlango hauna kitasa upande wake.

Unaona? Hii siyo hoja ya kucheka.

Na mlango huo haukufungwa siku moja. Isaac Newton, Mwingereza aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1687, ndiye aliyeonyesha kwamba nguvu ile ile inayoangusha embe chini ndiyo inayouzungusha mwezi. Alikuwa mtu wa Mungu kwelikweli. Lakini aliona tatizo: sayari zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na pole pole mpangilio wao utavurugika. Akahisi kwamba itabidi Mungu aingilie kati na kurekebisha mambo. Mwaka 1715 Mjerumani Leibniz akamkejeli: huyu ni Mungu gani, fundi saa ambaye saa yake lazima aitie ufunguo na kuisafisha kila mara? Fundi mzuri hutengeneza saa inayokwenda.

Baadaye akaja Mfaransa Laplace. Akapiga hesabu za Mshtarii na Zohali, akaonyesha kwamba kuyumba kwao kulikowatia watu wasiwasi ni kwa kwenda na kurudi, hakuhitaji marekebisho. Inasimuliwa kwamba Napoleon alimuuliza mbona Mungu hayumo katika kitabu chake, naye akajibu kuwa hakuihitaji dhana hiyo. Mwaka 1814 aliandika kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila kitu na nguvu zote zinazovisukuma, ingeijua kesho kama inavyoijua jana.

Sasa jiulize: ni Mungu yupi aliyefukuzwa hapo? Ni yule fundi wa kuziba pancha. Kila hesabu zilipokwama aliitwa, na hesabu zilipokaa sawa akaambiwa asante, nenda. Ukimwajiri Mungu kwa kazi ya kuziba mapengo, usishangae siku mapengo yakiisha akakosa kazi. Leibniz, aliyeamini Mungu, aliliona jambo hilo kabla Laplace hajazaliwa.

Lakini je, mlango wenyewe umefungwa kweli, au sisi ndio tuliokubaliana kuuhesabu umefungwa? Hapa nina kisa kimoja ninachokipenda sana.

Katika miaka ya 1920 wanafizikia walikuwa na aibu ndani ya nyumba. Kuna atomu ambazo kiini chake huoza na kutoa elektroni. Walipopima nishati kabla na baada, hesabu hazikukubali. Nishati ilikuwa inapotea! Niels Bohr, mmoja wa wakubwa kabisa wa fani hiyo, alikuwa tayari kusema kwamba labda huko ndani ya kiini sheria ya nishati haifuatwi kila mara. Wolfgang Pauli akakataa. Mwaka 1930 aliandika barua akipendekeza kwamba kuna chembe nyingine inayotoroka na nishati hiyo, chembe isiyo na chaji na ngumu mno kunaswa. Leo inaitwa nyutrino. Ilinaswa mwaka 1956 na Wamarekani wawili, Clyde Cowan na Frederick Reines, karibu na kinu cha nyuklia. Miaka 26 ya kumtafuta mwizi, na akapatikana.

Kisa hiki kinasema mambo mawili. La kwanza linamsaidia mjuaji: kiburi cha kudai kila senti iwe na risiti kinalipa. Kama Pauli angesema "Mungu ndiye ajuaye" akaenda kulala, tusingeijua nyutrino.

La pili linamrudi mjuaji. Hesabu zilipokataa, Pauli hakusema mlango uko wazi. Alikwenda kumtafuta mhusika, na alipopatikana akaandikwa kwenye daftari la nyumba. Ndivyo fizikia inavyofanya siku zote. Sumaku ilivuta chuma kutoka mbali bila kukigusa, watu wakadhani ina roho. Leo ina sura yake katika kitabu cha sekondari. Mawimbi ya redio yanapita ukutani bila kugonga hodi; nayo yana sura yake. Chochote kinachosukuma maada kwa utaratibu unaopimika, kinapewa uraia. Sasa fikiria mtu ambaye kila anayeingia nyumbani kwake anamwita ndugu, halafu anajisifu kwamba nyumba yake haijawahi kuingiwa na mgeni. Utambishia nini?

Simdharau mtu huyo. Nasema tu kwamba "fizikia imefungwa" ni kwanza kiapo cha kazi. Ni kama karani wa hesabu anayeapa kwamba hataandika "pesa zimepotea kishetani" kwenye ripoti yake. Kiapo kizuri sana, ningependa makarani wote waape hivyo. Lakini kiapo cha jinsi nitakavyotafuta siyo orodha ya vyote vilivyopo.

Na sheria yenyewe ya nishati ina neno moja dogo tunalolimeza bila kutafuna: kama. Emmy Noether, mwanamke wa Kijerumani aliyefundisha hesabu Göttingen kwa miaka bila mshahara, alichapisha mwaka 1918 uthibitisho wa mahali sheria hizi zinapotoka. Kwa lugha ya mtaani: jumla ya nishati haibadiliki kama kanuni zinazouendesha mfumo ni zile zile leo na kesho, na kama hakuna kinachoingia wala kutoka. Ni sawa na kusema: kama banda limefungwa na hakuna kuku anayetagwa, kuuawa wala kuanguliwa, idadi ya kuku haitabadilika. Kweli tupu. Lakini kanuni hiyo haikuambii kama banda limefungwa. Hilo utalijua kwa kwenda kuhesabu kuku.

Tusidanganyane lakini: kuku wamehesabiwa. Wamehesabiwa mara nyingi mno, maabara kwa maabara, na hawajapungua. Kwa hiyo mimi siji hapa kusema mlango uko wazi. Nasema kilichoufunga ni uzoefu mrefu wa kuhesabu. Hesabu peke yake, hata iwe ndefu vipi, haisemi kama banda lina mwenyewe.

Sasa ngoja niwageukie wanaosali, maana nao wana janja yao. Siku hizi ukimbana muumini aliyesoma kidogo, anakimbilia kwenye atomu. Anasema: mambo ya Laplace yalishapita, mshikaji. Tangu Heisenberg mwaka 1927 tunajua kwamba huko chini kabisa mambo hayana uhakika. Atomu ikioza, hakuna kilichoiamuru ioze sekunde hiyo. Basi hapo kwenye ufa ndipo Mungu anapopenyeza kidole.

Hapana. Kwanza, bahati nasibu ya atomu ina nidhamu kali. Nusu ya kaboni-14 huoza katika miaka kama 5,730, hukimbizwi wala hucheleweshwi. Kama kuna mkono unaochagua atomu ipi ioze na kupindisha matokeo, ile hesabu ya jumla ingeyumba tungeiona. Kama mkono upo lakini hesabu haiyumbi kamwe, basi kwa macho yetu mkono huo haufanyi tofauti yoyote na bahati. Pili, na hili ndilo linaloniudhi, ni Mungu gani huyo anayesubiri makombo chini ya meza ya Heisenberg? Ni yule yule fundi pancha wa Newton, kahamia chumba kidogo zaidi. Akijatokea mwingine akakieleza na chumba hicho, atahamia wapi?

Basi anayetaka kumtafuta Mungu aache kutafuta nyufa. Na hapa sisi tunaotaka kuandika riwaya tuna kitu cha kuchangia, maana kazi yetu tunaijua kutoka ndani.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, nayo ni habari za huko huko Ukerewe. Kwa nini Rosa anajiua? Mwanafunzi wa fasihi atakujibu: ni Zakaria, baba yake, ukali wake uliopitiliza, kipigo kwa ajili ya barua ya mvulana, halafu ule uhuru wa ghafla ambao hakuandaliwa kuubeba, halafu mchumba kumkataa. Jibu limekamilika. Hakuna sababu iliyopungua. Mwingine atakujibu: Rosa anajiua kwa sababu Kezilahabi kaandika hivyo. Nalo limekamilika. Je, majibu haya yanagombana? Tumgawie Zakaria asilimia 60 na Kezilahabi asilimia 40? Hakuna anayesoma hivyo. Pekua kitabu chote, hutakuta ukurasa ambapo mkono wa Kezilahabi unaingia chumbani na kusogeza kiti. Riwaya ile imefungwa: kila tukio lina sababu yake ndani ya riwaya. Na kila herufi yake ni ya mwandishi.

Wazee walioelekea huko walikuwepo zamani. Imamu Ghazali, katika karne ya 11, alibishana na wanafalsafa kuhusu moto na pamba. Alisema tunachokiona ni pamba kuungua inapokutana na moto. Hatuuoni moto "ukisababisha", na mwenye kuunguza ni Mungu. Ibn Rushd wa Kordoba, karne ya 12, akamjibu kwamba ukifuta sababu za vitu umefuta na elimu yenyewe. Karne ya 13, Thomas wa Aquino akasema tukio moja laweza kutoka lote kwa sababu ya kidunia na lote kwa Mungu, bila kugawana. Ukinibana, mimi nasimama na huyu wa tatu, maana ananiachia moto uunguze kweli.

Mjuaji atasema: mfano wa riwaya haumthibitishi Mungu. Sawasawa kabisa! Haumthibitishi. Kuna vitabu vina waandishi. Labda ulimwengu ni kitabu kisicho na mwandishi, upo tu. Hilo fizikia haiwezi kukuambia, kama ambavyo Zakaria hawezi kupanda basi akaenda kumtafuta Kezilahabi. Mfano unaonyesha jambo moja tu, nalo linatosha kwa swali letu: kufungwa kwa sababu zilizomo ndani hakumfukuzi aliye mwandishi wa zote. Anayefukuzwa ni fundi pancha peke yake.

Je, muumini ameshinda, aanze kupiga vigelegele? Polepole. Bili haijaletwa mezani.

Kama Mungu ni mwandishi, basi ni mwandishi wa kurasa zote. Sheria iliyoinasa ile hewa pale juu ni sheria ile ile iliyowazamisha wengine wote. Haikubadilika kwa ajili ya mmoja wala kwa ajili ya 220. Ukisema "Mungu kamwokoa fundi," nakuheshimu, na kama ningekuwa ndugu yake ningepiga magoti. Lakini hapo mchangani Ukara walikuwepo wengine waliokuwa wanafunua shuka moja moja wakitafuta sura wanayoijua. Utawaambia nini? Kwamba mwandishi hakuwapenda watu wao? Wengine husema ni hiari ya binadamu. Haya, lakini mtoto mchanga hachagui kivuko cha kupanda.

Hilo ndilo swali la Ayubu, na ni la zamani kuliko Newton na Laplace wote. Ndiyo maana nasema mjuaji wa kijiweni amepiga risasi kwenye mti mbaya. Kama kuna kitu kinachoweza kumnyima mtu usingizi wa imani, siyo sheria ya nishati. Ni kilio. Hakuna mlinganyo uliokileta kilio hicho, na hakuna mlinganyo utakaokiondoa. Anayeamini lazima akibebe akiwa macho, na asiyeamini asijidai kwamba fizikia imempunguzia mzigo wake wa kujua cha kumwambia mama yule.

Mimi binafsi nasali. Lakini siombi kanuni ya Archimedes ipumzike dakika tano nivuke. Nasali kama mtu anayezungumza na mwenye kitabu, akijua kwamba ndani ya kitabu maji yatabaki maji.

Na hapa ndipo ninapoona kwamba ile nyumba iliyofungwa ya wanafizikia ina faida hata kwa mtu wa dini. Tuna methali yetu: ajali haina kinga. Tunaisema msibani, tunaisema kwenye magazeti, na inafuatiwa na "ni mapenzi ya Mungu." Kinga ya MV Nyerere ilikuwepo, jamani. Ilikuwa ni namba: 101. Kabla yake MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, mamia wakafa, ilijaza kupita kiasi. MV Spice Islander ikazama tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, mamia tena, nayo ilijaza kupita kiasi. Maji yametufundisha somo moja mara tatu kwa utaratibu ule ule, na sisi kila mara tunamwandikia Mungu hati ya mashtaka kisha tunaiita ibada.

Baada ya ajali ya Ukara, Rais wa wakati ule, John Magufuli, aliagiza wahusika wakamatwe. Fikiri maana ya agizo hilo. Huwezi kumtia mtu pingu kwa tukio lililoshuka kutoka mbinguni. Unamkamata kwa sababu unaamini kwamba chanzo kiko humu humu duniani, kwenye tiketi zilizokatwa zaidi, kwenye magunia yaliyopakiwa juu ya magunia, kwa mtu aliyeona na akanyamaza. Haki yenyewe inahitaji dunia ambayo kila senti ina risiti. Anayemwingiza Mungu pale palipo na jina la mtu hamtukuzi Mungu. Anamficha mtu.

Kwa hiyo jibu langu, kwa anayetaka jibu: fizikia iliyofungwa haimfungii Mungu nje. Inamfungia nje Mungu wa visingizio, na huyo aende salama.

Neno la mwisho ni kwa wenzangu wa kalamu. Miswada mingi tunayopitishiana huwa na ugonjwa mmoja. Shujaa amebanwa, ameishiwa, halafu ukurasa wa mwisho kabisa anatokea mjomba tajiri kutoka Ulaya, au ndoto, au mvua ya ghafla, mambo yanakwisha. Tunajifanya miungu pancha ndani ya hadithi zetu. Msomaji hudanganyika mara moja tu. Mara ya pili anafunga kitabu. Ukianza hadithi yako kwa kupakia watu 260 kwenye chombo cha watu 101, usiwaokoe kwa huruma yako. Mwoneshe aliyekata tiketi ya 102, mpe jina, mwache aongee.